Miji Iliyokatwa Mkia: Kamusi ya Kilatini Niliyoinunua Iringa, na Jinsi Ilivyojalidiwa

Kamusi ninayoitathmini hapa haina jina. Jalada lake la mbele na ukurasa wa anwani vilikwisha kutoka zamani, na mchuuzi wa vitabu vilivyotumika aliyeniuzia, ambaye hupanga bidhaa zake juu ya turubai katika eneo la Miyomboni mjini Iringa, alikuwa ameilaza kati ya vitabu vya hesabu vya kidato cha pili na rundo la majarida ya kilimo, akiamini kwamba ni kitabu cha sala. Ni kamusi ya Kilatini kwa Kiingereza, nene kiasi cha vidole vitatu, yenye karatasi za rangi ya chai ya maziwa. Sikuinunua kwa ajili ya maneno ya kawaida, kwa kuwa hayo nilikuwa nayo katika kamusi nyingine ndogo. Niliinunua kwa sababu ya kiambatisho chake cha mwisho, kurasa 64 za safu mbilimbili, kinachoorodhesha miji ya kale kwa majina yake ya Kilatini na, baada ya kila mji, jina la watu waliokaa humo. Bei ya kwanza ilikuwa shilingi 25,000. Tukaelewana kwa 18,000.

Msomaji anaweza kuuliza mtu wa Iringa ana haja gani na majina ya wenyeji wa miji iliyokwisha kufa. Mimi nafundisha historia katika shule ya sekondari, na kabla ya hapo nilikaa miaka minne seminari ndogo, ambako Kilatini kilituingia polepole na kututoka haraka. Lakini hata asiyepita seminari hukutana na majina ya aina hii hapa hapa Nyanda za Juu Kusini. Katika nyaraka za Kilatini za Kanisa Katoliki, Jimbo la Iringa huitwa Iringaensis, ilhali la Mbeya, ambalo tangu mwaka 2018 ni Jimbo Kuu, huitwa Mbeyana. Majina yote mawili yanaishia na a, miji yote miwili imeunganishwa na barabara kuu moja, na bado mmoja umepewa tamati, yaani kiambishi cha mwisho wa neno, ya -ensis na mwingine -ana. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza sababu, nikamjibu kwa maneno mengi yasiyokuwa na kitu ndani, kisha nikaanza kutafuta orodha ya namna hii. Kilatini hakijawahi kuwa na tamati moja ya kumwitia mwenyeji wa mji, na orodha inayofaa ni ile inayomwonyesha msomaji tofauti hizo mji kwa mji badala ya kumwachia abahatishe.

Kwa kipimo hicho kiambatisho hiki ni kizuri sana. Kila kidahizo, yaani kila ingizo la orodha, huanza na jina la mji, hufuatiwa na alama ya jinsi na ya umoja au wingi, kisha maelezo mafupi ya mahali mji ulipokuwa, na mwisho kabisa, kwa herufi za mlazo, jina la mwenyeji mmoja na la wengi. Alama ya wingi si pambo. Athenae, Thebae, Syracusae, Veii, Pompeii na Gades yote ni majina ya wingi kwa umbo, ingawa kila moja ni la mji mmoja, na anayeandika sentensi ya Kilatini akalisahau hilo atakosea kitenzi. Sisi nasi tuna Mikumi, jina la miti mingi lililokaa juu ya mji mmoja. Kamusi inaonyesha pia umbo la mahali: Romae ni huko Roma, Athenis ni huko Athene. Mrumi aliyekuwa safarini kwenda Roma alisema Romam tu, bila kihusishi chochote mbele yake, sawasawa na sisi tunavyosema tunakwenda Iringa bila kuongeza kitu, ilhali tukienda soko hatuna budi kusema sokoni. Nilipowaonyesha wanafunzi ulinganifu huo, kanuni iliyonitesa muhula mzima seminari iliwachukua dakika tano.

Utajiri wa orodha hii, hata hivyo, uko kwenye tamati za watu, na njia ya haraka ya kuuonja ni kufungua Agano Jipya. Kwa Kiswahili nyaraka za Paulo zimepelekwa kwa Warumi, Wakorintho, Wagalatia, Waefeso, Wafilipi, Wakolosai na Wathesalonike. Kiambishi kimoja, Wa-, kimewapanga wote mstari mmoja kama wanafunzi wa gwaride la asubuhi. Katika Biblia ya Kilatini watu hao hao ni Romani, Corinthii, Galatae, Ephesii, Philippenses, Colossenses na Thessalonicenses. Hizo ni tamati nne kwa makundi saba, na hata tukiwatoa Wagalatia, ambao walikuwa watu wa nchi na si wa mji, zinabaki tatu. Corinthii na Ephesii wamebeba tamati waliyokuja nayo kutoka Kiyunani. Romani wana tamati ya nyumbani Italia. Wafilipi na wenzao wawili wana -enses, ambayo Warumi waliitumia kila walikofika, na ambayo haijaacha kuzaa hadi leo: kwale wa Udzungwa aliyeelezwa na wanasayansi miaka ya 1990 anaitwa Xenoperdix udzungwensis, na sange mwenye uso wa kijivu aliyetangazwa mwaka 2008 kutoka milima hiyo hiyo ni Rhynchocyon udzungwensis. Mnyama wa porini Iringa ameandikiwa uenyeji wake kwa tamati ile ile ya watu wa Thesalonike.

Kundi ninalolipenda kuliko yote ni lile la -ates. Wenyeji wa Arpinum ni Arpinates, na mmoja wao ni Arpinas. Wa Ravenna ni Ravennates, wa Antium ni Antiates, wa Fidenae ni Fidenates. Tamati hii ina harufu ya miji midogo ya Italia, na kwa mtu wa Roma ilitosha kumtambulisha mtu kwamba ametoka nje ya jiji. Cicero, aliyezaliwa Arpinum mwaka 106 KK, alifika hadi cheo cha konsuli, cheo cha juu kabisa katika jamhuri ile, na bado Katilina, mpinzani wake wa kisiasa, alimwita inquilinus, yaani mpangaji. Livius naye, mwanahistoria mkubwa wa Roma, alikuwa mtu wa Patavium, ambayo leo ni Padova, na wenyeji wake waliitwa Patavini. Mwandishi mwenzake Asinius Pollio alidai kwamba maandishi ya Livius yana patavinitas, neno ambalo maana yake haiko mbali na kusema kwamba mtu ana lafudhi ya kwao. Mnyakyusa anayetambuliwa Dar es Salaam kabla hajamaliza salamu atamhurumia. Tena jina la mwenyeji halikupewa waliozaliwa mahali tu: Cato mdogo, mwanasiasa wa Roma, hakuwa mtu wa Utica, lakini huitwa Uticensis kwa sababu alijiua katika mji huo wa Afrika Kaskazini mwaka 46 KK, akikataa kuishi kwa msamaha wa Yulio Kaisari. Kidahizo cha Utica katika kamusi hii kinalitaja jambo hilo kwa maneno sita tu, na hayo sita yanatosha.

Sasa nifike kwenye ujalidi, kwa kuwa bila hiyo tathmini hii ingeishia hapo juu kwa sifa tupu. Kamusi ilikuwa imelegea uti, na vipande vitatu vya kiambatisho vilikuwa vikitoka kila ukiifungua. Niliipeleka katika duka moja la steshenari hapa mjini, ambalo sitalitaja, linalochapa mitihani, kutoa nakala na kujalidi tasnifu za wanafunzi wa vyuo. Tulielewana shilingi 7,000 kwa jalada gumu la kitambaa cha buluu, kazi ya siku mbili. Ilichukua siku nne, jambo ambalo silihesabu kuwa kosa katika wiki za mitihani. Nilipokwenda kuichukua, fundi alinikabidhi kwa mikono miwili na kwa fahari ya wazi: "Mwalimu, hiki sasa ni kipya. Nimekinyoosha na kingo." Jalada lilikuwa safi, mgongo ulikuwa imara, gundi haikuvuja popote. Kingo zilikuwa zimenyooka kama rula. Ili zinyooke, alikuwa ameviweka vitabu vitatu pamoja kwenye mashine ya kukatia karatasi na kuondoa milimita sita upande wa nje, kama afanyavyo kwa tasnifu, ambazo zina pambizo pana, yaani nafasi tupu kando ya maandishi. Kamusi za zamani zilichapwa kwa kubana karatasi. Pambizo ya nje ya hii haikufika milimita nne.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo, na nilikaa nayo jioni nzima kabla sijajua kama nicheke. Katika kila ukurasa wa kushoto, kisu kilikata herufi za mwanzo za safu ya nje, hivyo miji ikapoteza vichwa. Katika kila ukurasa wa kulia kilikata herufi za mwisho za mistari iliyofika ukingoni, na kwa kuwa jina la mwenyeji ndilo linalofunga kidahizo, watu zaidi ya mia walipoteza mikia. Vichwa havikunisumbua. Ukiona "yracusae" kati ya miji miwili ya herufi S, alfabeti yenyewe inakurudishia kilichopotea. Mikia ilikuwa balaa. Kama hii ingekuwa orodha ya Kiswahili, kisu kile kile kingefanya madhara kinyume chake, maana sisi tunamweka mtu mbele: Mhehe, Wahehe, na baada yao Kihehe na Uhehe. Kata mkia wa Wahehe, ubaki na "Waheh", bado unajua kwamba ni watu. Kata kichwa ndipo hutajua kama umebaki na mtu, lugha au nchi. Kilatini humweka mtu nyuma. Ukikata nyuma, mtu ameondoka na mji umebaki mtupu.

Nilinunua penseli nzuri na kuanza kurejesha. Mwanzoni nilijiona hodari. Mji ukiishia na a, nilijiambia, watu wake wataishia na -ani: Roma na Romani, Mantua na Mantuani, na kwa wingi Thebae na Thebani, Syracusae na Syracusani. Kisha nikafika Verona, na mkono wangu ukaandika Veronani, jambo ambalo hakuna Mrumi aliyepata kulisema. Wao ni Veronenses. Athenae, ambayo kwa umbo ni pacha wa Thebae, ina Athenienses. Nilijaribu miji inayoishia na -um nikitumaini nafuu, nikaipata mitatu ya Italia yenye tamati tatu: Tarentum ina Tarentini, Tusculum ina Tusculani, na Arpinum ina Arpinates. Watu wa Tibur ni Tiburtes na wa Veii ni Veientes. Ipo pia familia yenye t ya ziada, iliyoingia kwa njia ya Kiyunani, ambayo asiyeionyeshwa hawezi kuibuni: Neapolis ina Neapolitani, Gades, ambayo leo ni Cádiz, ina Gaditani, na Tingi, ambayo leo ni Tangier, ina Tingitani. Mji ulionishinda kabisa ulikuwa Capua. Nilikuwa nimebakiwa na "Cam" mwisho wa mstari na nikadhani ni kosa la mchapaji, hadi nilipokumbuka kwamba wenyeji wa Capua waliitwa Campani, kwa jina la nchi yao Campania, kana kwamba mtu wa Tukuyu angeulizwa anakotoka akajibu Rungwe, jina la wilaya yake, na mjadala ukaishia hapo. Kwa jumla nilipatia chini ya nusu ya mikia kwa kutumia akili yangu mwenyewe, na hapo ndipo nilipokubali kwamba nusu ya shilingi 18,000 zangu ilikuwa ndani ya zile milimita sita.

Sehemu moja ya orodha ilinusurika karibu yote, nayo ni Gallia, ambayo leo ni Ufaransa na nchi jirani zake. Huko mpangilio umegeuka: mji umebeba jina la watu mgongoni kama sehemu ya jina lake. Lutetia Parisiorum ni Lutetia ya Waparisii, Durocortorum ulikuwa mji wa Waremi, Avaricum wa Wabiturige, Samarobriva wa Waambiani, Caesarodunum wa Waturoni. Kuanzia karne ya 3 na ya 4 BK, majina ya miji yalianza kudondoka na ya watu yakabaki, hivyo Lutetia ikawa Paris, Durocortorum ikawa Reims, Avaricum ikawa Bourges, Samarobriva ikawa Amiens na Caesarodunum ikawa Tours. Msafiri wa wakati huo alisema Parisiis, yaani kwa Waparisii, na kila mtu alijua ni mji gani. Ni kama vile Kalenga, ngome ya zamani ya Wahehe, ingesahauliwa kabisa na watu wakawa wanapanda basi la kwenda kwa Wahehe. Sisi tumefanya jambo linalokaribia hilo kwa nchi, na ndiyo maana tuna Usangu, Ubena na Uhehe, lakini miji yetu tumeiita kwa mambo mengine. Iringa yenyewe inatokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Kwa hilo imefanana zaidi na ile miji ya mpakani mwa dola ya Roma iliyoitwa kwa neno castra, kambi ya jeshi, kama Castra Regina, ambayo leo ni Regensburg nchini Ujerumani, na neno hilo hilo ndilo lililobaki katika jina la Chester nchini Uingereza, mji ambao Warumi wenyewe waliuita Deva.

Maelezo ya miji inayochanganya majina ni ya uangalifu, na hapa kamusi inastahili sifa ya pili. Asiyeonywa atadhani Vienna ya Kilatini ni mji mkuu wa Austria, kumbe ni Vienne ya Ufaransa, kando ya mto Rhône, na wenyeji wake ni Viennenses. Vienna ya Austria iliitwa Vindobona. Neapolis maana yake ni mji mpya, kwa hiyo zipo nyingi, kama ilivyo mitaa ya Mji Mpya nchini kwetu: ya Italia ndiyo Napoli, ya Palestina imekuwa Nablus, na ya Makedonia ndiyo Neapoli aliyoshukia Paulo katika Matendo ya Mitume 16:11. Carthago nayo ni mji mpya kwa lugha ya Wafoinike walioujenga, na walipojenga mwingine Hispania Warumi wakauita Carthago Nova, yaani Mji Mpya Mpya, ambao leo ni Cartagena.

Lakini uangalifu huo unaonekana zaidi kwenye Augusta. Kaisari Augusto na waliomfuata waligawa jina hilo kwa miji mingi, na wenyeji wa kila mmoja wangeweza kuitwa Augustani bila mtu kujua ni wa wapi, ndiyo maana jina la watu wa asili liliambatishwa: Augusta Treverorum ni Trier, Augusta Taurinorum ni Torino, Augusta Vindelicorum ni Augsburg. Miji miwili kati ya hiyo inatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Torino ndiko Giuseppe Allamano alikoanzisha Shirika la Wamisionari wa Consolata mwaka 1901, shirika ambalo kila aliyepita misheni ya Tosamaganga, karibu na Iringa, analijua. Augsburg ndiko Walutheri walikosoma ungamo lao mbele ya Kaisari Karoli wa Tano mwaka 1530, na kwa Kilatini linaitwa Confessio Augustana. Nimewahi kumsikia Mkristo mwenye elimu akieleza kwamba jina hilo linatokana na Mtakatifu Agostino. Halitokani naye. Agostino ni Augustinus, na kinachotokana naye ni Augustinianus; Augustana ni ya mji, ni ile tamati ya wenyeji ikiwa imekaa juu ya karatasi badala ya kukaa juu ya mtu. Waumini wengi wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) wa Iringa na Njombe wana tamati ya Kilatini katika imani yao bila kujua kwamba ni ya mji wa Bavaria.

Udhaifu upo. Majina ya leo yamechakaa: kwa Hippo Regius, ambako Agostino alikuwa askofu hadi alipofariki mwaka 430, kamusi imeandika Bona, jina lililotumiwa na Wazungu wa zamani, ilhali mji huo ni Annaba, Algeria. Thagaste, alikozaliwa mwaka 354, imepewa mstari mmoja bila jina la leo, ambalo ni Souk Ahras. Miji iliyopata majina yake ya Kilatini baadaye haimo kabisa, kwa hiyo anayetafuta Oxonia ya Oxford au Cantabrigia ya Cambridge atatoka mikono mitupu. Hilo halina lawama, kwani kiambatisho kinajitangaza kuwa cha miji ya kale. Pwani yetu nayo haimo. Rhapta, bandari ya Afrika Mashariki inayotajwa katika mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 BK, iliitwa hivyo kwa sababu ya vyombo vyake vya kushonwa, na yeyote aliyesikia habari za mitepe ya Waswahili, ambayo mbao zake zilishonwa kwa kamba, ataelewa mara moja. Kamusi ya Kilatini inaweza kujitetea kwamba jina hilo ni la Wayunani, lakini utetezi huo haukuizuia kuingiza miji ya Kiyunani kwa mamia. Mwisho, herufi ni ndogo mno. Kwa taa ya kijijini usijaribu.

Kuhusu huduma, duka la steshenari nalipatia alama za wastani. Ujalidi wenyewe ni mzuri na bei ni ya haki. Fundi alipoonyeshwa kilichokatwa hakubisha, aliinamisha kichwa, akasema "Samahani sana, mwalimu, nilidhani ni pambizo tu", akarudisha shilingi 3,000 kabla sijaziomba. Anayepeleka tasnifu aende bila hofu. Anayepeleka kitabu cha zamani aandike kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza kwamba kingo zisiguswe, na aitamke pia kwa mdomo, kwa kuwa anayepokea kazi siye anayeshika kisu.

Mchuuzi wa Miyomboni nampa alama za juu, na msomaji ana haki ya kujua sababu kabla hajaniamini. Wiki tatu baada ya mkasa ule nilipita kwake nikakuta nakala ya pili ya kamusi ile ile, nayo haina jalada, ila pambizo zake ni nzima. Sikuwa na fedha ya kununua tena. Nilimweleza shida yangu, akanivutia ndoo nikalie, akasema, "Kaa unakili, mwalimu, ila ukimaliza uniletee wateja." Nilikaa Jumamosi mbili, nikarejesha mikia yote iliyokuwemo, na sasa nalipa deni. Nakala hiyo ilikuwa bado ipo juma lililopita, kwa shilingi 20,000, na naamini atashuka hadi 15,000 kwa sababu kurasa za kwanza za kiambatisho, zenye herufi A yote, zimenyofoka. Atakayeinunua atakosa Athenae, Alexandria, Arpinum na Augusta zote. Hizo ziko kwangu, vichwa vyote vikiwa vimerudishwa, na mikia ile tu niliyoweza kuibashiri.